Skii ya kwanza inaanzia Msimbati, si Milano

FEBRUARI hii, wakati mashabiki wengi tuko bize kuhesabu pointi za Simba na Yanga, Olimpiki ya Majira ya Baridi ilipigwa Milano na Cortina, Italia, kuanzia tarehe 6 hadi 22. Tanzania haikuwepo. Haijawahi kuwepo hata mara moja.

Najua wapo watakaouliza theluji inatuhusu nini watu wa Mtwara, ambako baridi yetu ni upepo wa kusi tu. Sawa. Lakini Taifa Stars ilipotolewa na Morocco 1-0 pale Rabat Januari 4, kwa bao la Brahim Díaz, tulikuwa kwenye nchi ya Waafrika wenzetu ambao wana soka na wana skii. Kilomita kama 80 tu kutoka Marrakech kuna Oukaïmeden, juu ya milima ya Atlas, watu wanateleza. Lesotho nako kuna Afriski. Kwa hiyo hoja kwamba Mwafrika na theluji haviendani ilishakufa zamani. Swali ni mtu ambaye hajawahi kuiona anajiandaaje.

Jibu tunalo jirani. Philip Boit wa Eldoret, Kenya, alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, jamaa wa ukoo wa Mike Boit aliyechukua shaba ya mita 800 kule Munich 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimchukua yeye na mwenzake Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza skii ya kukata nchi. Boit alikuwa hajawahi kuona theluji. Miaka miwili baadaye, 1998, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia Nagano, Japan, mbio za kilomita 10.

Alimaliza wa 92, wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika kwa dakika 47 na sekunde 25. Theluji siku ile ilikuwa nyevu, inaganda kwenye skii, mwamba anapambana. Dæhlie, bingwa mkubwa, alikataa kwenda kuchukua medali mpaka Mkenya afike, akamkumbatia pale kwenye mstari. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

Kwa sisi hii si hadithi ngeni. John Stephen Akhwari naye alimaliza wa mwisho marathoni ya Mexico 1968, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda. Nchi nzima inamheshimu mpaka leo. Anayemcheka Boit ajiulize kwanza.

Ninachotaka tukiangalie zaidi ni ile miaka miwili. Boit hakuanza sifuri. Alikuwa na mapafu na miguu tayari, kilichokosekana ni mbinu na baridi. Na hapo ndipo nasema pwani yetu ina kitu.

Skii ziko za aina mbili kubwa, na anayeanza asizichanganye. Kuna ya kuteremka mlima, ambapo buti limebanwa mbele na nyuma na unakwenda kasi ya gari. Na kuna ya kukata nchi, ambapo kisigino kinaachia, unasukuma kwa miguu na fimbo mbili, tambarare na vilima. Hii ya pili ni kazi ya mapafu, mgongo na mikono. Sasa mtazame kijana anayepiga pondo kwenye mtumbwi, kule kwenye mikoko ya mlango wa Ruvuma. Anainama, anakandamiza chini, anajisukuma, anainuka, anarudia saa nzima. Huyo anafanya nusu ya kazi ya Dæhlie bila kujua. Ongeza kukokota nyavu na kukimbia kwenye mchanga laini wa Msimbati, ambao unachosha paja kuliko uwanja wowote wa nyasi. Waulize wachezaji waliowahi kufanya mazoezi ya ufukweni kabla ya msimu, watakuambia walivyolala siku hiyo.

Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi hutumia skii za magurudumu kwenye lami. Barabara ya Mtwara kwenda Mikindani alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka, ingetosha kabisa. Kofia ngumu tu isisahaulike, lami haina huruma.

Kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza kujifurahisha tu, si Olimpiki, mambo ni mepesi kidogo. Wiki sita hadi nane kabla ya safari, paja lijengwe: kuchuchumaa na kuinuka, kukaa hewani mgongo ukiwa ukutani. Goti ndilo linaloumia, kano zilezile zinazowatoa wachezaji wetu nje msimu mzima. Ndiyo maana klabu nyingi za Ulaya zinaandika kwenye mkataba kwamba mchezaji haruhusiwi kwenda skii. Usinunue vifaa, kodi hukohuko. Buti libane mguu lakini vidole vicheze, na uvae soksi jozi moja, si mbili. Fulana ya pamba iache nyumbani, inanyonya jasho halafu inakugandisha. Miwani ya jua lazima, theluji inarudisha mwanga usoni kuliko bahari ya saa saba mchana.

Na ukifika, lipia mwalimu. Usimfuate rafiki anayejifanya anajua. Kitu cha kwanza utakachofundishwa ni kuanguka ubavu na kuinuka. Cha pili ni kufunga breki: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, kama V iliyopinduliwa, magoti yamekunjwa, mikono mbele. Atakayeegemea nyuma kwa woga ndiye atakayekwenda kasi zaidi, maana skii zinakosa mshiko. Hii inawashangaza wote.

Aliye na ndugu Dubai anaweza kuanzia Ski Dubai, ndani ya jengo la maduka, tangu 2005. Mteremko mrefu ni mita 400, baridi ya jokofu, unajua kama unaipenda kabla ya kuuza korosho za shamba zima kwenda Alps.

Turudi kwenye ishu ya taifa. Kenya ilipata tena mwakilishi 2018 Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, binti wa pwani kama sisi, ila alikulia Austria tangu mtoto. Hiyo ndiyo njia ya mkato: tafuta mtoto wa Kitanzania aliyekulia kwenye theluji, mpe bendera. Ni halali, na katika soka tunaifanya kila siku. Lakini akistaafu, ujuzi unabaki Austria. Njia ya Boit ni ndefu na ya gharama, ila ikifanywa vizuri inakuachia mtu nyumbani wa kufundisha wengine. Mimi naichagua hiyo.

Shida ni pesa na kanuni. Siku hizi huendi Olimpiki kwa kujitokeza. Lazima ukusanye pointi za shirikisho la kimataifa, FIS, kwa kushindana mara nyingi huko nje, na uwe na chama cha taifa kinachotambuliwa. Hizo ni tiketi, viza, hoteli, miaka. Mkoa wenye gesi ya Mnazi Bay na korosho umeshindwa hata kuibakiza Ndanda Ligi Kuu, kwa hiyo simwahidi mtu kitu.

Lakini miguu ipo. Alphonce Simbu ametuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo Septemba 2025, na hakuna aliyesema Mtanzania hawezi. Olimpiki ya baridi ijayo ni 2030, Alps za Ufaransa. Boit alihitaji miaka miwili kutoka kuona theluji mpaka Nagano. Kwa kanuni za sasa weka minne, na hiyo minne imeshaanza kuhesabika.