Mwanasheria Akija Kuomba Kura

Sisi wakulima wa Binza twaijua mizani. Katika miaka ya 1950 wazee wetu wa Usukuma walichoka kupunjwa na wafanyabiashara waliokuwa wakinunua pamba na kuipima wenyewe. Hawakukaa kulia. Waliunda vyama vyao vya ushirika, wakasimamia mizani yao. Walijua kwamba mnunuzi hapewi mizani.

Twauliza: mbona somo hilo tumelisahau katika sheria?

Wanasheria ni wengi katika uongozi, wala hatuwaonei kijicho. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, ndani ya jengo la TANU, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Nchi changa ilihitaji watetezi. Lakini mtetezi humsemea mteja wake, na mwananchi ana haki ya kujua mteja huyo ni nani.

Tazameni. Jaji Joseph Warioba, Mwanasheria Mkuu wa zamani, aliongoza Tume iliyokusanya maoni yetu juu ya Katiba. Rasimu yake ya pili, ya Desemba 2013, ilitaka wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Mwaka 2014 rasimu hiyo ikaingia Bunge Maalum, Dodoma, ambamo wengi walikuwa wabunge na wawakilishi. Kamati ya Uandishi ikaongozwa na Bwana Andrew Chenge, naye pia Mwanasheria Mkuu wa zamani, na wakati ule Mbunge wa Bariadi Magharibi. Katiba Inayopendekezwa ilipotoka mwezi wa Oktoba, haki ile haikuwamo, wala kikomo kile.

Hatusemi mtu mmoja aliyafuta. Bunge Maalum lilipiga kura. Twasema kwamba wabunge walijipimia pamba yao wenyewe, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu wa kwetu. Wanasheria hao wawili walipata kukalia kiti kimoja. Elimu yao moja, lakini kazi waliyotumwa haikuwa moja.

Wako watakaosema: mbunge naye alitumwa na ninyi. Kweli, tulimtuma! Ndiyo maana twauliza.

Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa. Basi shauri halijakwisha. Ndugu zetu wa Binza, Maswa na Bariadi, mwanasheria akija kuomba kura, msimwulize ana shahada ngapi. Mwulizeni mbele ya watu: utaitetea sheria itakayotuwezesha kukuondoa? Akikubali, tumshike kwa neno lake. Akianza kuzungushazungusha maneno, tumwache arudi mahakamani, huko maneno yana malipo.

Mizani ni yetu. Tusiitoe tena.