Shawa ya Mkono Inaokoa Maji? Lete Ndoo na Saa Tupime

Leo tutoke shambani kidogo tuingie bafuni, na msinicheke, maana mambo ni yale yale ya umwagiliaji wa matone tunayohangaika nayo kila siku.

Nyumbani kwetu hapa Msimbazi tumekaa miezi kadhaa sasa na shawa ya mkono, zile zinazouzwa kwa maneno "inaokoa maji". Maduka ya vifaa vya bomba Kariakoo yamejaa hizi kitu. Zina rangi ya fedha, matundu membamba kama ya sindano, nyingine zina vijiwe vya rangi ndani ya mpini, na boksi limeandikwa asilimia kubwa kwa herufi kubwa. Wapangaji wenzangu wananiuliza kama ni kweli. Wakulima nao wananiuliza, na mmoja alitaka kuifunga kwenye mpira wa kumwagilia mchicha. Maoni yangu ni haya: kinachookoa maji kwenye shawa hii ni kale kakitufe ka kuzimia kwenye mpini. Hayo mengine ni mapambo ya dukani.

Asilimia ya kwenye boksi siiamini kwa sababu haisemi imepimwa kwa presha gani. Chuoni MATI Ilonga tulifundishwa kupima mtiririko wa maji kwa ndoo na saa, na hiyo ndiyo njia ninayowafundisha wakulima mpaka leo. Nikaifanya bafuni. Tuna simtank ya lita 1,000 juu ya mnara wa matofali uani, tunashirikiana nyumba nzima. Ile shawa ya zamani ya ukutani ilijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili na nusu, sawa na lita 8 kwa dakika. Hii ya mkono imejaza ndoo hiyo hiyo kwa dakika nne, sawa na lita 5 kwa dakika. Mpaka hapo mwenye duka anashangilia.

Sasa subiri. Kila mita 10 za kimo cha maji juu ya bomba zinakupa presha ya kama bar 1. Maji ya tanki letu yako kama mita mbili tu juu ya shawa, kwa hiyo tunaoga kwa bar 0.2 hivi. Matundu membamba yanataka msukumo. Ukiyapa presha ndogo hayatoi mvua, yanatoa michirizi, na povu la sabuni halitoki haraka. Mtu anakaa humo. Kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye kwa shawa ya zamani alikuwa anatumia dakika sita, sasa alikuwa anatumia tisa. Piga hesabu: dakika sita mara lita 8 ni lita 48, dakika tisa mara lita 5 ni lita 45. Yaani shawa mpya, mpira mpya, hela ya fundi, halafu tumeokoa lita tatu. Ni kama mkulima anayefunga mabomba ya matone halafu anayaacha yamwage usiku kucha kwa sababu "yanatoa kidogo".

Mwenye ghorofa hapo Kariakoo atapata majibu tofauti na yangu. Kama tanki liko juu ya paa na wewe unakaa chini mita 25 kutoka hapo, una karibu bar 2.5, na shawa hiyo hiyo itakupiga mgongo vizuri kabisa. Jirani yako wa juu kabisa, aliye chini tu ya tanki, ataona michirizi kama mimi. Jengo moja, shawa moja, majibu mawili. Kwa hiyo usinunue kwa sababu shemeji kaisifia. Pima kwako.

Kitufe ndicho kilichobadilisha mambo. Unalowa, unabonyeza, maji yanakata. Unajipaka sabuni kwa raha zako, unabonyeza tena, unasuuza. Nilisimama nje ya mlango na saa (mke wangu alinicheka sana) na kwa mtu anayezima, maji yalitiririka dakika mbili na nusu tu. Hizo ni lita 12 na nusu. Sisi tuko wanne na tunaoga mara mbili kwa siku, joto la Dar mnalijua. Kwa shawa ya zamani isiyozimwa ni lita 384 kwa siku. Kwa hii inayozimwa ni lita 100. Tofauti hiyo ni ndoo 14 kubwa kila siku. Kwahiyo ukikuta ya bei nafuu yenye kitufe na ya bei kubwa yenye vijiwe vya rangi bila kitufe, chukua ya kitufe.

Lakini tuseme ukweli wote. Kopo na ndoo bado vinaishinda. Mke wangu anaoga kwa nusu ndoo, lita 10, na anatoka anang'aa. Familia nzima tukioga hivyo ni lita 80 kwa siku. Waliokulia kwenye nyumba za kupanga Ilala, Buguruni, Magomeni, wamekuwa wakiokoa maji miaka yote bila boksi lenye asilimia. Anayekwambia uache kopo ununue shawa ili uokoe maji anakuuzia kitu tu.

Basi kwa nini sijaitoa? Kwa sababu ya mama. Mama yangu mzazi anakaa nasi tangu magoti yaanze kumsumbua. Kuinama kwenye ndoo, kuchota, kuinuka, kwake ilishakuwa kazi ya kutafuta kuanguka. Mke wangu alikuwa anaingia naye kumwogesha. Mama hakuwahi kulalamika, ila mnajua wenyewe uzito wa mtu mzima kuogeshwa na mkwe wake. Alianza kusema hana haja ya kuoga jioni, eti hajatoka jasho. Sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki, shawa iko mkononi, anaielekeza anapotaka, anazima akichoka. Mlango anaurudishia mwenyewe, hatumruhusu kukomea kwa ndani lakini hakuna anayeingia. Jioni anaoga tena. Hiyo kwangu inatosha kulipia kifaa, hata kama kingekuwa hakiokoi tone.

Matunzo yake ni kama ya mabomba ya matone. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi, na chumvi inaziba matundu. Fungua kichwa cha shawa, loweka usiku mmoja kwenye siki au maji ya ndimu, asubuhi sugua matundu kwa kidole gumba. Kama kuna kichujio kidogo pale mpira unapofungwa, kioshe, mara nyingi ndicho kilichojaa mchanga. Ukimaliza kuoga funga na koki ya ukutani, usitegemee kitufe peke yake, hasa kama unatumia pampu, maana mpira unabaki na presha siku nzima na siku moja utapasuka mkiwa kazini. Na wenye hita za umeme za ukutani, zile za kuchemsha maji yakipita, muulizeni fundi kabla ya kuweka kitu chenye kitufe. Baadhi yake hazitakiwi kuzibwa mbele.

Kuna moja nalisisitiza. Usiache shawa ya mkono imezama kwenye ndoo au beseni la maji ya sabuni. Maji ya bomba yakikatika ghafla, na huku yanakatika, bomba linaweza kunyonya yale ya kwenye beseni kurudi ndani, halafu jirani akafungulia akanywa. Ni sababu ile ile ninayowakataza kutumbukiza mpira wa maji kwenye pipa la dawa ya wadudu mnapochanganya. Mpira ukae juu ya maji, nafasi ionekane kwa macho. Wale wenye magunia ya mchicha uani mnaweza kukinga maji ya kusuuzia kwenye beseni na kumwagilia kwenye udongo, si kwenye majani. Maji yenye sabuni ya unga mengi yaacheni, yataharibu udongo wenu taratibu.

Sasa hoja inayoniuma. Oktoba 2022 Dar ilipoingia kwenye mgao kwa sababu Ruvu ulipungua, wakulima wa kando ya mto walinyooshewa vidole kwamba pampu zao zinaunyonya. Wapo wanaostahili kusemwa, nawajua. Lakini mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196, na maji hayo yanakuja kwetu mjini. Mimi kazi yangu ni kumwambia mkulima apime kila lita anayompa mnyanya. Nitamwambiaje kwa uso mkavu wakati mjini tunaacha shawa inatiririka huku tunajipaka sabuni?

Na hapa mjini tatizo si uelewa tu, ni bili. Kwetu mita ni moja na bili inagawanywa kwa vyumba. Sisi tukiokoa ndoo 14, faida inagawanywa kwa wote, pamoja na yule anayeoshea bodaboda kwa mpira asubuhi na jioni. Yeye akiongeza matumizi, tunamlipia wote. Katika mpango huo anayeokoa maji anaonekana mjinga, na si haki kumhubiria. Mkulima wa skimu anayelipia maji kwa eka bila kujali ametumia kiasi gani naye hafungi mfereji mapema, tunalijua hilo. Kabla ya kununuliana shawa, wenye nyumba wafunge mita ndogo kwenye laini ya kila familia. Kwa nyumba yenye bafu na koki moja ya uani, tukubaliane angalau kugawa bili kwa watu badala ya vyumba, na anayeosha vyombo vya biashara alipe cha juu. Mwenye nyumba wetu nimeshamwambia, akasema ataangalia. Fundi tayari amekuja kupima urefu wa bomba, vyumba vitatu kati ya sita vimekubali kuchangia, na yule wa bodaboda amesema yeye hadaiwi na mtu.