Kabla ya Waya Tumboni, Tupate Mtu wa Kutuuliza

Wasee, kulikuwa na kifaa cha kupunguza uzito kilichopandikizwa ndani ya mwili, na si stori ya sinema. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha kimoja kinaitwa vBloc. Daktari alikuwa anakupasua, anaweka kiboksi chini ya ngozi, waya zake zinafika kwenye neva inayounganisha ubongo na tumbo. Umeme kidogo ulizuia ujumbe wa neva, lengo likiwa ushibe haraka.

Sasa sikia hii. Kabla kiidhinishwe, kilijaribiwa kwa watu 239. Wengine walipata kifaa kamili, wengine kiboksi kisichofika kwenye neva, na hawakuambiwa nani kapata kipi. Baada ya mwaka mmoja, wa kifaa kamili walikuwa wamepoteza 24.4% ya uzito uliozidi. Wa kiboksi bure je? 15.9%. Manze, karibu theluthi mbili ya matokeo bila umeme kugusa neva!

Pengine ile imani tu kwamba unatibiwa ilisaidia, sikatai. Lakini wote pia walikuwa wanafundishwa kuhusu chakula na mazoezi, wanapimwa, wanarudi kwa mtu anayewauliza wanaendeleaje. Hicho ndicho nataka tudai Turkana.

Najua utasema, "Turkana na unene wapi na wapi? Huku ni ukame." Njaa ipo, na sisi wa Namoruputh hatuhitaji kuelezewa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la Science Advances uliwapima Waturkana wenyewe, ukakuta waliohamia mijini wana hali mbaya zaidi ya afya ya moyo na sukari kuliko wanaofuga. Damu ni ile ile, maisha ndiyo yamebadilika. Malishoni ni maziwa, nyama na kutembea na mifugo kutwa. Ukifika Lodwar ni soda, mandazi, chapo, na boda hadi duka la jirani. Halafu mtu akinenepa tunampongeza, "Umeshika doo!" Yeye presha inapanda kimyakimya.

Kifaa kama kile ni cha upasuaji na pesa ndefu. Nani huku atakimudu? Lakini ile nusu nyingine ya tiba, ya kupimwa na kufuatiliwa, tunaweza kuipata. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 nchi nzima, na kwenye begi lao kuna mashine ya presha, ya sukari na mizani. Mtu huyo anakujua, anajua mama yako anapika nini, na atarudi mwezi ujao.

Basi walipwe kwa wakati, vipimo visiishe kwenye begi, na wasipite tu kwa wazee na watoto. Sisi wa miaka 20 pia tupimwe. Na akibisha hodi, usijifiche chumbani na simu. Toka, panda mizani, uliza maswali. Ukimwona rafiki anaanza kupunguza soda, usimcheke, mtembee pamoja jioni jua likipoa.