Pikipiki Nayo Ni Chombo cha Karafuu

Ndugu Wanachama,

Msimu ukimalizika, kila mmoja wetu hukung'uta majamvi yake, akayakunja na kuyaweka darini. Magunia huhesabiwa, na kamba za kupandia mikarafuu hutundikwa. Lakini pikipiki iliyopanda na kushuka vilima vya Pemba na magunia mgongoni huachwa chini ya mwembe, ikanyeshewa masika yote, tangu Machi hata Mei. Haifai.

Wako wasemao kuwa pikipiki ni mali ya mtu binafsi, na akiiharibu ni shauri lake. Mimi sikubaliani nao. Siku za chumo pikipiki moja huchukua karafuu za nyumba tatu nne. Ikikataa kuwaka, karafuu mbichi hulala shamba zimelundikana, na asubuhi mnajua wenyewe: zimeanza kuwa mpeta. Na zile zilizo mtini hazimngojei fundi. Huchanua, zikashuka daraja na bei.

Kuilaza vizuri si kazi kubwa. Kwanza ioshwe, tope na chumvi vitoke, kisha ikauke. Pili, mafuta ya injini yabadilishwe injini ingali na joto. Mafuta machafu yana maji na asidi, vikikaa miezi hula chuma. Tatu, petroli. Wazee husema akiba haiozi, lakini petroli huharibika: ndani ya kabureta hugeuka gundi ikaziba vitundu. Basi funga koki, uiache injini iungurume mpaka izimike yenyewe. Tangi la chuma, kwa miezi michache, lijazwe, kwani tangi nusu huingia unyevu na kutu.

Nne, betri itolewe, ichajiwe kila mwezi. Cheni ipakwe mafuta, matairi yatiwe upepo, na isimame kwa stendi juu ya ubao. Bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa, panya wasizae humo. Ifunikwe kwa shuka kuukuu, si nailoni, maana nailoni hufungia unyevu.

Wako waiwashao dakika mbili kila Ijumaa wakidhani wanaitunza. Injini isiyopata moto wa kutosha hukusanya maji ndani yake. Afadhali ilale kabisa.

Tena isiwekwe ghala moja na karafuu. Harufu ya petroli huchafua mali, na cheche moja yatosha kuteketeza vyote.

Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Baada ya mwaka wa neema huja mwaka haba, na pikipiki huweza kulala muda mrefu. Rai yangu ni hii: siku tunayokunja majamvi iwe ndiyo siku ya kuilaza pikipiki, na mwenye kujua amsaidie jirani asiyejua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha za karafuu.

Mwenyezi Mungu atujaalie msimu mwema.

Katibu wenu