Uanamitindo Mtandaoni: Siri Ndiyo Mtaji wa Tapeli

Katika Kata ya Makanyagio, mjini Mpanda, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, simu ya mkononi imekuwa kwa wakati mmoja studio ya picha, jukwaa la maonesho na mahali pa kuombea kazi. Vijana wetu, wasichana kwa wavulana, hupiga picha wakiwa wamevalia nguo zilizoshonwa na mafundi wa hapa hapa, kisha huziweka Instagram au TikTok. Baadhi yao hawafanyi hivyo kwa mzaha. Wanatamani kuwa wanamitindo, yaani watu wanaolipwa kwa kuonesha mavazi, vipodozi na bidhaa nyingine. Tunapenda kuitafakari ndoto hiyo kwa mwanga wa imani na wa akili, kwa kuwa tunaamini kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika picha yenyewe, bali katika usiri unaoizunguka.

Mlango umehamia kiganjani

Kwa miaka mingi, safari ya kutoka Mpanda kwenda Dar es Salaam ilianzia kituo cha reli, ikapitia Kaliua na Tabora. Na mlango wa uanamitindo ulikuwa huko Dar es Salaam. Mashindano ya Miss Tanzania, yaliyorejeshwa mwaka 1994 baada ya kusitishwa kwa muda mrefu, ndiyo yaliyomtoa Happiness Magese, ajulikanaye pia kama Millen, mshindi wa mwaka 2001, aliyekuja kufanya kazi Afrika Kusini na Marekani. Mwaka 2007 Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga aliyesomea uhandisi wa umeme katika Chuo cha Ufundi Arusha, aliiwakilisha Tanzania katika Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa nywele, akaingia kumi bora, na baadaye akajijengea jina New York. Binti huyu alimpoteza mama yake katika ajali ya meli ya MV Bukoba mwaka 1996. Mwaka 2011 akaanzisha taasisi inayosaidia elimu ya wasichana. Tunamtaja ili vijana waone kwamba nyuma ya sura iliyovuma kulikuwa na taaluma, ustahimilivu na moyo wa kutumikia.

Instagram ilianza Oktoba 2010, na tangu hapo mlango umehama. Mwaka 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtambua rasmi Kili Paul, kijana wa Kimaasai kutoka Mkoa wa Pwani, kwa video alizokuwa akizirekodi kwa simu, peke yake au na dada yake Neema. Hakupita katika shindano lolote wala hakuhitaji kuhamia jijini. Kijana wa Makanyagio anayesema kwamba naye anaweza kuonekana akiwa nyumbani kwao hasemi uongo.

Lakini mlango wa zamani, pamoja na kasoro zake, ulikuwa na watu wengi wanaoutazama: waandaaji, waandishi wa habari, wazazi waliokuja ukumbini. Mlango wa sasa hufunguka usiku wa manane, chini ya shuka, kati ya binti mmoja na mtu asiyemjua.

Methali isiyotosha

Wazee wetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, na hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha kijana anayejitangaza. Hata hivyo, katika kazi hii mtu asipojitangaza haonekani kabisa. Fundi seremala hutundika kitanda nje ya karakana yake wala hakuna anayemwita mwenye majivuno. Mwanamitindo naye huonesha kazi yake.

Tena tunapaswa kuuliza kijana anakimbia nini anapoikimbilia ndoto hii. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba katika Mkoa wetu wa Katavi asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Katika mazingira kama hayo, binti anayetamani kujulikana kwa kazi kabla ya kuitwa mke wa mtu ana shauku ambayo ndani yake mna jambo jema. Akidhihakiwa nyumbani, haiachi ndoto yake, bali huificha. Hapo ndipo tapeli humkuta akiwa peke yake.

Kazi halali ina kanuni

Kazi ya kweli ina taratibu zinazojulikana, na mzazi anaweza kuzifahamu bila kuwa mtaalamu wa mitindo. Anayeanza huhitaji picha chache za wazi, zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, bila vipodozi vizito wala kurekebishwa: uso kwa mbele, uso kwa upande, na mwili mzima akiwa amevaa nguo za kawaida. Huandika urefu wake na vipimo vya nguo na viatu, na barua pepe iliyotengwa kwa ajili ya kazi. Akaunti yake ya kazi huonesha nidhamu: picha zilizochaguliwa, majina ya mshonaji na mpiga picha yakitajwa kwa heshima, na hakuna anwani ya nyumbani, jina la shule wala mahali alipo kwa saa hiyo. Kwa kijana wa Mpanda, hatua ya kwanza yenye akili ni kufanya kazi na washonaji, wauza vitenge na wenye saluni wa hapa mjini, kwa malipo yaliyoandikwa hata kama ni madogo. Kazi hizo humpa picha za kuonesha na jina la uaminifu.

Kisha anakuja wakala. Hapa kwetu neno hilo hutukumbusha kwanza mtu wa kuweka na kutoa pesa kwenye simu. Katika uanamitindo, wakala ni kampuni inayomtafutia mtu kazi na kukata kamisheni katika malipo ya kazi iliyopatikana. Aghalabu kamisheni hiyo ni asilimia 20 hivi. Maana yake ni kwamba wakala wa kweli hapati kitu mpaka mwanamitindo wake apate. Anayedai fedha za usajili, za fomu au za mafunzo ya lazima kabla ya kazi yoyote kuonekana, ameshatuambia biashara yake ni ipi: bidhaa anayoiuza ni matumaini ya mtoto wetu. Vilevile, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) husajili wadau wa sanaa nchini na husimamia mashindano ya urembo. Ni haki ya mzazi kuuliza usajili wa mtu anayejitambulisha kwa mwanawe, na asipojibiwa, jibu amelipata.

Mtaji wa tapeli

Utapeli huu una hatua zinazofanana. Kwanza husifu, kisha huomba picha za kawaida, halafu za nguo za kuogelea kwa kisingizio cha vipimo, halafu zisizo na nguo kwa kisingizio cha weledi. Katikati ya hatua hizo hutokea sentensi moja: usimwambie mtu kwanza, watakuonea wivu. Binti akishatuma picha ya utupu, sifa hugeuka vitisho, naye hudaiwa fedha, picha zaidi, au kukutana chumbani mwa hoteli. Wengine huahidiwa kazi ng'ambo na tiketi ya ndege iliyokwisha kulipiwa.

Sheria za nchi hazikunyamaza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mkosaji yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira au upendeleo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inawagusa wanaowasafirisha watu kwa hila ili kuwanyonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono na kuwanyanyasa watu mtandaoni. Hata hivyo, sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye hakuna anayejua kwamba ameumizwa. Mtisha-watu anategemea jambo moja tu: kwamba binti atamwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa yeye. Nyumba ambayo mtoto anaweza kusema, "Baba, nimetuma picha, nisaidie," na akasaidiwa kabla ya kukemewa, imemnyang'anya tapeli mtaji wake.

Picha ni mali ya nani?

Mkoa wetu unawajua wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mchimbaji mwenye akili hampi mgeni dhahabu yake aende kuipimia mahali asipopaona. Picha nayo inastahili uangalifu huo. Mkataba wa haki husema picha itatumika wapi, kwa bidhaa gani, kwa muda gani na kwa malipo gani. Anayesaini karatasi isemayo "kwa matumizi yote, milele" ametoa mgodi mzima kwa bei ya debe moja la mchanga.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kwa sababu ya akili unde, ambayo inaweza kuunda nakala ya mtu na kuivisha nguo asizozivaa. Machi 2025 kampuni ya H&M ya Sweden ilitangaza mpango wa kutengeneza nakala za kidijitali za wanamitindo 30, kwa makubaliano kwamba wenye sura ndio wenye haki juu ya nakala hizo. Jimbo la New York lina sheria, iliyosainiwa Desemba 2024 na kuanza kutumika Juni 2025, inayozuia kampuni za kusimamia wanamitindo kuwatoza ada au amana ili ziwapokee, na inayodai ridhaa ya pekee ya maandishi kabla ya nakala ya kidijitali kutumika. Nchini mwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatupa msingi wa kudai kwamba taarifa zinazomtambulisha mtu zisichukuliwe kiholela.

Mwili si bidhaa

Mama Kanisa hajawahi kuuchukia uzuri. Tarehe 8 Novemba 1957 Papa Pio XII alizungumza na watu wa tasnia ya mitindo, akaeleza kwamba mavazi huhudumia afya, staha na pambo. Hakulifuta pambo, aliliweka mahali pake. Wosia wa Kitume "Christus vivit" wa Papa Fransisko, wa mwaka 2019, unautambua ulimwengu wa kidijitali kuwa mahali vijana wanapoishi kweli, pamoja na fursa na mitego yake. Na tamko "Dignitas infinita" la mwaka 2024 linauweka ukatili wa kidijitali miongoni mwa mambo yanayoudhi utu wa mwanadamu.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi mwili unaweza kufanya kazi, kama unavyofanya wa mkulima na wa mchezaji mpira, lakini hauwezi kuuzwa. Kijana aulizwe swali hili mapema: siku ambayo picha haitapendwa na mtu yeyote, utabaki kuwa nani? Nabii Samweli, alipokwenda nyumbani kwa Yese, alifundishwa kwamba Mungu huutazama moyo. Anayeijua thamani hiyo anaweza kukataa kazi mbaya bila kuhisi kwamba amepoteza maisha.

Wajibu wetu

Wazazi, tunawasihi muijue akaunti ya kazi ya mwanenu na msome naye kila mkataba. Aliye chini ya miaka 18 asiende kupigwa picha bila mzazi au mlezi. Aliye mkubwa naye aache nyumbani jina, namba na mahali anapokwenda. Viongozi wa VIWAWA na WAWATA, pamoja na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walipe jambo hili nafasi katika semina zao, wakiwaalika pia mafundi cherehani na wapiga picha waaminifu wa mjini kwetu. Aliyekwisha kutishwa asifute ujumbe wala asilipe. Autunze kama ushahidi na kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kupiga simu namba 116 ikiwa ni mtoto.

Nanyi vijana wa Makanyagio, ndoto yenu isemeni mchana, mbele ya wanaowapenda. Kazi ambayo haiwezi kusemwa mezani kwa mama yenu, haifai kusainiwa. Na mkipata kazi halali, ifanyeni kwa staha na bidii, mkimshukuru Mungu aliyewaumba kwa sura na mfano wake.