Msanii, jua pia kusema hapana

Katika Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi, vijana wengi wanaishi kwa kamera, kwa studio ya muziki, kwa brashi ao kwa kompyuta. Kazi ni chache, watoto wanangoja chakula, na kila mteja anayepiga simu anapokelewa kama mwokozi. Ndiyo maana wengi wamezoea kujibu neno moja tu: ndiyo. Sisi tunaona kuna siku msanii anapaswa kujibu hapana.

Tuanze na picha. Tangu miaka ya 1990, vita vya mashariki vimeleta huku wateja wengi wanaotafuta picha za kambi, za hospitali, za wanawake waliobakwa. Mara nyingine mteja anataka sura ya mama ionekane wazi, kwa sababu eti inagusa roho za wafadhili. Lakini moja ya sheria mbili za tarehe 20/7/2006 kuhusu ubakaji inamdai hakimu alinde usalama, heshima na maisha ya binafsi ya mwathirika. Ikiwa hakimu mwenyewe anafungwa na jambo hilo, mpiga picha atapata wapi haki ya kuitembeza sura ya yule mama kwenye simu za watu wote? Mteja atapanda ndege kesho. Mama atabaki katika mtaa uleule, na majirani watamnyooshea kidole.

Kuna pia afishi na nyimbo. Wakati wa uchaguzi, ao wakati risasi zinalia, hakukosi mtu wa kumtafuta mwimbaji ao mtengeneza video ili kabila fulani litukanwe. Anayetoa makuta anajificha. Sauti inayosikika ni ya msanii. Damu ikimwagika, ni jina lake watu watakumbuka.

Halafu kuna bei. «Tufanyie bure, utajulikana.» Mkono mtupu haulambwi. Anayekubali kuchora bila avansi, kisha kubadilisha mchoro mara kumi bila kulipwa, anajiumiza yeye na kuangusha bei ya wenzake wote. Sheria ya tarehe 5/4/1986 kuhusu haki za watunzi inampa mtunzi haki juu ya kazi yake na juu ya jina lake ndani ya kazi hiyo. Lakini sheria haimtetei mtu ambaye hajidai kitu.

Wengine watasema: «hapana» haipikwi ndani ya sufuria. Ni kweli, na hatuwezi kumcheka mwenye njaa. Angalia mabanga katika muziki wetu: mwimbaji anataja jina la tajiri ndani ya wimbo, tajiri analipa. Desturi hiyo imelisha familia nyingi, hasa kwa kuwa nyimbo zinanakiliwa ovyo na mtunzi haoni kitu. Lakini wimbo ukijaa majina, nani bado anamwimbia mama wa sokoni ao mchimbaji wa madini? Msikilizaji anajua kutofautisha wimbo uliotoka moyoni na ule ulionunuliwa.

Kukataa si kugombana. Msanii aseme mapema, mbele ya kupokea avansi, aeleze sababu, na kama inawezekana apendekeze njia ingine: picha ya mikono, ya mgongo, ya kivuli, ikiwa mama mwenyewe amekubali. Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi: bei, tarehe, idadi ya marekebisho, na picha itatumiwa wapi.

Lakini anayekataa peke yake anapoteza bure: saa sita amesema hapana, saa nane mwenzake amekwisha kuchukua kazi ileile. Kwa hiyo wapiga picha, wachoraji na wenye studio wa kila mji wakae pamoja, wakubaliane bei ya chini na kazi ambazo hakuna mmoja wao atagusa. Hilo halingoji serikali wala mfadhili.

Kwa wateja pia tunasema: msanii anayewakatalia jambo baya anawalinda hata ninyi. Kamera inaweza kununuliwa tena. Jina likichafuka katika mji ambapo watu wote wanajuana, hakuna duka linaloliuza.