Profesa Akikaa Bodini, Atwambie

Mwalimu wa skuli anayeishi Mpendae hukatwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar, ZSSF, kila mwezi, atake asitake. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya 1998, na miongoni mwa miradi yake ni jengo la maduka la Michenzani. Je, faida ya jengo lile itasaidia kumlipa mafao yake akistaafu? Wa kuulizwa ni bodi. Ndiyo maana serikali na mabenki hupenda kumweka bodini profesa wa uchumi.

Na hawakosei. Profesa Benno Ndulu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapita Benki ya Dunia, kisha Januari 2008 akakabidhiwa Benki Kuu ya Tanzania, iliyokuwa imetikiswa na kashfa ya akaunti ya madeni ya nje, EPA. Gavana ndiye mwenyekiti wa bodi ya benki hiyo, na kiti hicho alikikalia miaka kumi. Profesa Joseph Semboja, aliyeiongoza taasisi ya utafiti ya REPOA, alikuja kuwa mwenyekiti wa bodi ya benki ya NMB. Profesa Neema Mori amekaa katika bodi ya benki ya CRDB, naye amefanya utafiti juu ya bodi zenyewe, zile za taasisi za mikopo midogo. Mjumbe wa namna hiyo hupatikana kwa nadra.

Lakini usomi peke yake si kinga. Martin Feldstein wa Harvard, mchumi mwenye jina kubwa, alikaa katika bodi ya kampuni ya bima ya AIG kwa takriban miaka 20. Septemba 2008 serikali ya Marekani ililazimika kuifungulia kampuni hiyo mkopo wa dola bilioni 85 isianguke. Miaka miwili baadaye filamu ya Inside Job, juu ya msukosuko huo wa fedha, ikawabana maprofesa wa uchumi kuhusu malipo wanayopokea nje ya vyuo, na 2012 jumuiya ya wachumi wa Marekani ikawataka waandishi wa majarida yake wataje maslahi yao.

Kwetu Unguja shida ni kujuana. Wachumi ni wachache, hivyo ni rahisi mtu yule yule aandike sera, apitishe hesabu za shirika bodini, halafu aitwe redioni kuisifu bajeti kama mtaalamu asiye na upande. (Wanafunzi nao wana lao: profesa wa vikao kila wiki atasahihisha tasnifu saa ngapi?)

Kuwazuia maprofesa kukaa bodini itakuwa hasara, maana viti vyao vitakaliwa na wasiojua kusoma mizania. Ila profesa anayezungumza na umma aseme kwanza yumo bodi zipi na analipwa na nani. Nayo Ofisi ya Msajili wa Hazina ichapishe kila mwaka majina ya wajumbe wa bodi zote za mashirika ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), miaka waliyokaa na posho walizochukua. Fedha ni za wananchi, na hilo wana haki ya kulijua.